Viti vinane vya kale vya mezani: "Dada, hivyo si vya kukalia"

Naanza na sentensi yenyewe, kwa sababu mpaka leo nikiikumbuka damu inachemka. Nilimpigia simu muuzaji kumwambia kwamba kiti kimoja kati ya vinane alivyoniuzia kimeachia mguu wa nyuma huku mtu amekikalia. Hakuuliza kama mtu ameumia. Akajibu: "Dada, viti kama hivyo si vya kukalia kila siku."

Viti. Vya mezani. Si vya kukalia!

Kama vingekuwa vya kutazama tu angesema mapema, ningenunua picha nikaitundika. Kiti cha mezani ndicho kinachoteswa kuliko kiti chochote ndani ya nyumba. Mtu anakivuta, anajitupa, anasogea nacho bila kuinuka, akicheka anaegemea nyuma mpaka miguu ya mbele inaachana na sakafu, na uzito wote unaangukia pale ubao wa pembeni unapoingia kwenye mguu wa nyuma. Waliovitengeneza walijua hivyo, ndiyo maana pale wakachonga ulimi wa mbao na tundu lake wakaushindilia. Hawakutengeneza mapambo.

Aliyekuwa amekaa ni shemeji yangu, mtu mwembamba. Nataja wembamba wake kwa sababu swali la pili la muuzaji lilikuwa: "Ana kilo ngapi huyo?"

Siku ya kununua bwana huyohuyo alikuwa na ulimi mtamu. Kiti kimoja kilikuwa wazi karibu na mlango, vingine vimefungwa nailoni tayari kwa safari. Nikamwomba nione chini ya kikalio. Akakisukuma kwa kiganja kutoka chini, kikatoka kizima. Ndivyo vilivyo viti vya aina hii, kikalio ni fremu ya peke yake, kinavishwa kitambaa halafu kinadumbukizwa ndani ya mbao nne za kiti. Akanionyesha mbao kavu ya kijivujivu ambayo haijawahi kuonja vanishi, mikwaruzo ya patasi, na tarakimu IIII imechongwa kwenye kikalio na tena kwenye ubao wa mbele wa kiti. Zinalingana. Nikaridhika na hicho, nikaomba nione na vingine.

"Nikifungua nailoni kitambaa kipya kitashika vumbi. Usijali dada, vyote ndugu wa tumbo moja."

Ndugu wa tumbo moja. Maneno hayo nimeyaweka akiba, siku tukikutana ana kwa ana nitamrudishia.

Kwa asiyejua, tarakimu zile zina kazi. Zamani kila fremu ilikatwa kwa mkono, na hakuna mbili zilizofanana kabisa, kwa hiyo kikalio kilipewa namba ya kiti chake ili visichanganywe. (Ukikuta IIII badala ya IV usishtuke, wengi walichonga hivyo.) Usiku ule kiti kilipoachia mguu, wageni walipoondoka, nilitoa vikalio vyote nikavipanga sakafuni. Kikalio cha II kimo ndani ya kiti cha VII. Cha VII kimo ndani ya kiti cha XI. Ndiyo, cha kumi na moja, katika seti ya vinane! Hilo la XI peke yake silalamikii. Seti kubwa huvunjwa warithi wakigawana mali, na nusu ya seti halali bado ni viti halali. Lakini viwili havikuwa na alama yoyote, si kwenye kikalio si kwenye kiti. Nikavipindua. Miguu yao ya mbele imepakwa rangi ya kahawa mpaka chini ya unyayo, sehemu ambayo kwenye kiti cha kweli imesuguliwa na sakafu miaka na miaka hadi kingo zimelainika. Hii ilikuwa na kingo kali za msumeno.

Baadaye nikaelewa kwamba huu ni ujanja wa zamani sana katika biashara hii. Seti ya sita haina bei ya seti ya nane, wala haiikaribii. Basi mtu anachukua viti sita vya kweli, anang'oa ubao hapa, mguu pale, anachanganya na vipande vipya, na vinatoka vinane. Kila kimoja kina kipande cha kale cha kuonyesha mteja. Ndugu wa tumbo moja, kweli.

Nilimwita fundi wa viti, mzee mmoja ambaye kuongea kwake ni kwa foleni. Alikishika kile kilichovunjika, akakizungusha, akachukua kikalio chake akaanza kuchomoa pini ukingoni. Kitambaa kipya kikatoka. Chini yake kikatoka kingine, chekundu. Chini ya chekundu kingine tena, cha mistari, kimepigiliwa kwa misumari midogo ya kizamani. Aliyekivisha hakutoa hata kimoja, alilaza kipya juu ya vikuukuu. Sasa fikiria kikalio kilichokatwa kwa mkono kiingie barabara kwenye nafasi yake, halafu pembeni unakiongezea tabaka juu ya tabaka, na tena si kikalio cha kiti hicho. Hakiingii. Unafanyaje? Unakigonga na nyundo mpaka kiingie.

"Hiki hakijavunjika," mzee akasema. "Kimepasuliwa toka ndani."

Kikalio kile kilikuwa kimekaa mle kama kabari kwenye gogo. Kilikuwa kinasukuma mbao za pembeni nje, polepole, na maungio yalikuwa yanafunguka huku sisi tunakaa, tunakula, tunasifia kitambaa. Kitambaa kizuri, nisikifiche. Kila aliyeingia alikishika.

Na hapo ndipo palipo hasira yangu, maana kuvunjika ningevumilia, mbao ni mbao. Kilichoniuma ni kwamba kile alichokitangaza kwa sauti, "vimevishwa upya, dada, huna kazi ya kufanya," ndicho kilichoua kiti. Tangu siku ile nikisikia "vimevishwa upya" naondoka. Nipe kiti kilichochanika! Nipe kiti ambacho tumbo linaning'inia chini, mikanda ya kushikilia kikalio imekatika, singa za kujazia zinachungulia. Hapo naona nanunua nini. Kitambaa kipya kinaficha kila kitu: matundu ya wadudu, ubao uliotobolewa misumari mara nyingi mpaka hauwezi kushika mwingine, na gundi.

Gundi, Mungu wangu. Viti vya kale viliunganishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama. Ina uzuri mmoja mkubwa: ukiipasha mvuke inalegea, kiungo kinafunguka bila kupasuka, unasafisha, unapaka tena. Kiti kinaweza kufunguliwa na kufungwa hata na wajukuu wa aliyekitengeneza. Huyu muuzaji wetu, au fundi wake, alimwaga gundi nyeupe ya kisasa juu ya ile ya zamani, juu ya uchafu wa miaka yote. Haikushika mbao, ilishika uchafu. Na kuitoa sasa ni kukwangua ulimi taratibu bila kuupunguza, kwa sababu ukipungua kiungo kinacheza. Palipokuwa na ufa, alibandika kipande cha bati kwa skrubu za nyota. Mbao hupanuka na kusinyaa na hali ya hewa, bati halijui hayo, basi ufa ukarefuka. Skrubu ya nyota yenyewe Henry Phillips aliipatia hataza Marekani katika miaka ya 1930. Sijui Chippendale aliipata wapi.

Maana ndivyo muuzaji alivyoviita: "Chippendale, dada." Sikumwamini hata sekunde moja na hilo halikunisumbua. Thomas Chippendale, fundi samani wa Uingereza, alichapisha michoro yake ya samani London mwaka 1754, na tangu hapo yeyote mwenye patasi aliweza kuiiga, na wakaiga, karne ya 19 nzima na ya 20 pia. Jina hilo linakuambia umbo la mgongo wa kiti, halikuambii umri. Nilijua nanunua nakala za zamani. Nilichotaka ni nakala za zamani zilizo nzima.

Basi hukumu yangu ni hii: msinunue viti vya kale vya kitambaa. Kama mnapenda uzee, chukueni vya miaka ya 1950 au 1960. Vingi vyake kikalio kimeshikwa na skrubu chache tu, unakitoa mwenyewe, ukikuta sponji imekauka na kuwa unga wa njano unaikung'uta nje na kuweka mpya, na hakuna mtu atakayekuambia habari za tumbo moja.

Nilikuwa nimeishia hapo. Halafu mzee akarudisha kile cha IIII.

Alikuwa ametoa vitambaa vyote, na chini kabisa, juu ya gunia na mikanda, akakuta singa za farasi, nyeusi, zimejikunja. Akaziosha, akazichambua kwa vidole mpaka zikafumuka, akazirudisha zilezile. Mikanda mipya, gunia jipya, singa za kale. Nilipokikalia nilinyamaza. Kinashuka kidogo halafu kinakusimamisha, hakizami kama sponji, na mgongo unakaa pale unapotakiwa kukaa bila kujitahidi. Shemeji alikikalia muda mrefu (kwa tahadhari mwanzoni, simlaumu) akakataa kumpisha mtu. Sijawahi kukalia kiti cha mezani kizuri kuliko hicho, na sisemi hivi kumfurahisha mtu.

Kwa hiyo nafuta niliyosema juu. Nunueni. Lakini pindueni kila kiti, kila kimoja, na kama vimefungwa nailoni vifunguliwe mbele yenu au ondokeni. Kaa, jitingishe kushoto na kulia kama mtu anayetafuta kitu mfukoni, sikiliza. Kiti kinachosema "kii" kinaweza kutibiwa. Kile ambacho kikalio hakitoki kwa kusukumwa na kiganja, kikiwa ni cha kutoka, kiogope, kuna mtu amekishindilia.

Nikifika hapa hasira inanirudia tena, na mbaya zaidi kuliko mwanzo. Maana kama viti vingekuwa takataka ningemwita tapeli nikalala. Sita kati ya vile vinane ni kazi ya mtu aliyejua anachofanya. Huyu bwana alikuwa na viti sita vizuri mkononi. Angeniambia, "Dada, nina sita, vimechanika, tafuta fundi," ningelipa palepale na ningemletea wateja. Akaona bora avitibue vyote apate vinane. Na sijui hata kama ni tamaa tu, huenda naye aliuziwa hivyohivyo na hajawahi kupindua kiti maishani mwake. Mzee wangu anasema wapo wengi wa namna hiyo. Mimi sisadiki. Mtu asiyejua asingeacha wazi kile cha IIII peke yake pale mlangoni.

Nilimpigia tena kumwambia kuhusu vile viwili visivyo na alama. Akasema mnunuzi wa kweli wa vitu vya kale hapekui chini ya viti. Nikamwambia anirudishie sehemu ya pesa. Akajitolea, nanukuu, kunibadilishia kitambaa.

Kwa sasa vitatu vimetengenezwa, vingine vitatu viko kwa mzee, na vile viwili vya miguu mipya nimevipeleka chumba cha kulala, kimoja cha kutupia nguo na kingine cha kupandia nikibadilisha taa. Kwa kazi hiyo vinafaa. Muuzaji bado ananidai salio la usafiri na ananitumia ujumbe wa kunikumbusha. Nimemjibu kwamba pesa hiyo si ya kulipwa kila siku.