Begi la kusafiri peke yako: lipi ununue Mombasa na lipi uliache palepale

Kuna swali ambalo muuza mabegi hatakuuliza, nalo ndilo la kwanza: choo utaingia nalo?

Watu wawili wakisafiri, basi likisimama Tanga dakika kumi, mmoja hukaa na mizigo mwengine akaenda msalani, kisha wakapokezana. Mie sina wa kupokezana naye. Nikishuka, begi lashuka. Nikiingia chooni, laingia. Na vyoo vya stendi nyingi ni vya kuchuchumaa, sakafu yake si ya kuweka kitu unachokipenda. Kwa hivyo begi lining'inie kwenye msumari wa mlango, au libaki mgongoni nawe umechuchumaa vivyo hivyo. Lisiloweza hayo halimfai msafiri wa peke yake, hata liwe na mifuko ishirini.

Nimetoka Mombasa peke yangu kwa nchi kavu mara tatu: Zambia kwanza, kisha Uganda na Rwanda, kisha Malawi. Kila safari na begi jengine. Mpangilio huu umetoka kwenye mabega yangu na ya jamaa zangu wachache. Ukiona la pili linakufaa zaidi ya la kwanza, sina ugomvi.

Kabla ya bei, ukubwa. Ujazo wa begi huandikwa kwa lita, mara nyingi kwenye lebo ya ndani au kwenye jina lake. Lita 35 hadi 45 zatosha wiki mbili, na zatosha miezi mitatu pia, kwani nguo hufuliwa njiani. Begi la lita 65 halirudi nyumbani nusu tupu. Utalijaza, kisha utayalipia kwa mgongo yale uliyojazia. Urefu wa sentimita 55 au chini ya hapo hukubalika ndani ya ndege nyingi, ila mashirika mengi ya bei nafuu hutia begi kwenye mizani na kukomea kilo 7. Kwa mwendo wa miguu, mzigo usizidi moja ya tano ya uzito wako. Mie nina kilo 58, mwisho wangu ni kama 11, nami hujizuia kwenye 9.

Nafasi ya kwanza: shanta la mtumba, soko la Kongowea

Shanta ndilo jina walilotumia wazee kwa begi la mgongoni la safari, na ukilitaja Kongowea vijana watakuangalia vibaya. Sema "begi la safari, lenye mkanda wa kiuno", wataelewa.

Kwa nini mtumba ushinde jipya? Kwa sababu lile begi la kampuni ya Ulaya ambalo dukani ni mshahara wa mtu, hapa lafika ndani ya belo pamoja na mabegi ya shule na mikoba ya akina mama, na muuzaji hupima thamani yake kwa urembo tu. Langu ni la kijani iliyopauka, lita 40. Muuzaji alianza na shilingi 3,500 za Kenya. Nikamwambia, "Kaka, hili limeshazunguka dunia, mie nalichukua likapumzike." Akacheka, akasema, "Sista, dunia yenyewe bado yataka kulizunguka." Tuliachana kwa 1,800.

Ila mtumba una maradhi yake, na nenda ukiyajua.

La kwanza utajua kwa pua. Fungua begi, tia kichwa ndani, vuta pumzi. Ukipata harufu ya ukali kama ya matapishi, lirudishe, na usikubali ukiambiwa kwamba litaoshwa litoke. Kitambaa cha nailoni hupakwa ndani utando wa kuzuia maji, na utando ule ukikaa miaka kwenye unyevu huoza. Huanza kunuka, kisha hunata, kisha hubanduka kama ngozi ya mtu aliyechomwa na jua, na nguo zako zikajaa magamba meupe. Pwani yetu yenye unyevu yaharakisha jambo hilo. Pitisha kiganja ndani pia: kikinata, acha.

Pili, zipu. Ifungue na kuifunga mara tano, mpaka pembeni kabisa, maana kwenye kona ndiko inakokwama. Tafuta herufi YKK kwenye kichwa cha zipu. Ni kampuni ya Japani na zipu zake hudumu, ingawa herufi nazo huigwa. Meno ya plastiki ni bora kuliko ya chuma kwa mtu wa Mombasa, kwa sababu hewa ya bahari hula chuma. Zipu inayoachia nyuma baada ya kufungwa isikutishe: mara nyingi kilicholegea ni kile kichwa, na fundi wa viatu hukibana kwa koleo ukiwa umesimama hapo hapo. Zipu iliyong'oka meno ndiyo hasara.

Tatu, pale mikanda ya begani inaposhonewa begini. Vuta kwa nguvu kama unataka kuigombeza. Pembeni ya mshono usione uzi mmoja mmoja ukichungulia.

Nne, mkanda wa kiuno, ambao ndio sababu ya kununua shanta badala ya begi la shule. Uwe na sifongo ya kweli, na ukae juu ya mifupa ya nyonga. Ukifungwa sawasawa, sehemu kubwa ya uzito hushuka kwenye nyonga na mabega yakabaki kusawazisha tu. Mkanda mwembamba usio na sifongo ni pambo. Bizimu ya plastiki ikikosekana usiliache begi kwa hilo, fundi huitoa kwenye begi lililokufa.

Urefu wa mgongo ndio unaopuuzwa zaidi. Inamisha kichwa, gusa ule mfupa uliotokeza chini ya shingo. Kutoka hapo hadi usawa wa juu wa nyonga zako ndio urefu wako. Begi refu kuliko urefu huo litakugonga kisogo kila ukitazama juu, na mkanda utakaa kwenye makalio.

Na kama wachagua kati ya mawili, chukua linalofunguka mbele kama sanduku, uliache lile linalofungwa juu kwa kamba. Mpakani Lunga Lunga, na ng'ambo yake Horohoro upande wa Tanzania, begi huweza kuwekwa mezani ukaambiwa lifungue. Lile la kamba utatoa kila kitu, cha ndani na cha siri, mbele ya abiria wote. Linalofunguka kwa zipu mbili laonekana lote kwa mara moja, tena zipu mbili hupokea kufuli ndogo.

Nafasi ya pili: la kushonewa na fundi turubai

Mji wa bandari hauishiwi na malori, na malori hayaishiwi na turubai. Wapo mafundi wenye cherehani nzito za kushona turubai, na wengine kati yao wakichorewa begi hulishona. Binamu yangu alishonewa lake la lita kama 40, kwa 2,500 pamoja na vifaa, akaenda nalo Kampala na kurudi na hata mshono mmoja haukufunguka. Mvua hailigusi.

Likashindwaje kushika nafasi ya kwanza? Uzito. Likiwa tupu lakaribia kilo tatu, wakati langu la mtumba halifiki moja na nusu. Na fundi, Mungu ambariki, hakuamini umuhimu wa sifongo mgongoni. Binamu alirudi na alama za kikombe cha chai, kile cha bati, kilichokuwa kikimchoma safari nzima. Ukienda kwake, nunua godoro jembamba la sifongo mwenyewe, kata umbo la mgongo, mpe na umwambie alishone ndani. Na usilipe zote kabla.

Nafasi ya tatu: jipya lenye jina, dukani

Hakuna kosa lolote isipokuwa bei, 15,000 na kupanda kwa yale niliyoyaona, na uteuzi ni mwembamba hapa kuliko Nairobi. Pia begi jipya linang'aa, na begi linalong'aa stendi lina maana yake. Rafiki yangu analo, amelibandika viraka makusudi. Kama una fedha na mgongo wenye maradhi, nunua hili, usinisikize mie.

Nafasi ya nne: begi la shule ulilo nalo tayari

Kwa Zanzibar siku nne, au Lamu, latosha kabisa. Lipime kwa swali la choo: litashinda yote hapo juu. Zaidi ya kilo sita mabega yataanza kulalamika.

Nafasi ya tano: lile kubwa jipya la bei ya chini

Maduka ya mjini yamejaa mabegi ya lita 60 hadi 80, mekundu na ya buluu, yenye nyavu na kamba za kila aina, kwa 2,500 hadi 3,500. Nilibeba moja kwenda Rwanda. Nilipofika Kampala mkanda wa bega la kushoto ulikuwa umeng'oka, nikaushika kwa leso iliyofungwa fundo, na hivyo ndivyo nilivyoingia Kigali, kama mtu aliyevunjika mkono. Rahisi huvunja upishi, nami upishi wangu ulivunjika kwenye ngazi za basi. Jina la duka nalihifadhi. Mkanda ulikuwa wangu kuukagua.

Safari hiyohiyo nilijifunza jambo jengine. Nguo zangu nilizifunga kwa mifuko ya plastiki kuzuia mvua, nikasahau kwamba Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008, kabla ya Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Mpakani ikatolewa yote, kwa adabu, na nguo zangu zikaingia Rwanda uchi. Mwambie fundi akushonee mfuko wa kitambaa cha mwavuli wa kutiwa ndani ya begi. Wangu ulinigharimu 300, na ni bora kuliko lile koti la mvua la begi, ambalo huacha mgongo wazi.

Nafasi ya mwisho: sanduku la magurudumu

Hili nilipewa na khalati yangu kwa mapenzi, nikaenda nalo Zambia. Magurudumu hupenda sakafu ya uwanja wa ndege. Likoni nilipoteremka kuelekea kwenye feri na umati nyuma yangu, lilitaka kunitangulia majini. Kwenye treni ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, wanaume na wanawake hulala vyumba mbalimbali, na daraja la pili chumba kina vitanda sita. Sanduku likakaa katikati ya sakafu, nasi wanawake sita tukawa tunaliruka usiku na mchana. Mama mmoja wa Mbeya alilipa jina: mgeni wa saba. Kapiri Mposhi, kwenye kokoto, gurudumu moja likabaki huko.

Nje ya mpangilio kabisa ni begi lenye rangi za mabaka ya jeshi. Kongowea yapo, imara, na bei yake hushawishi. Usiguse. Uganda, Zambia na Zimbabwe hazitaki raia avae mabaka hayo, na sitaki uwe unamweleza askari saa nane za usiku kwamba ni begi tu.

Ukishanunua, usingoje siku ya safari. Tia pakiti tano za unga za kilo mbili, funga mkanda wa kiuno, utembee kutoka Mwembe Tayari hadi feri saa za adhuhuri, uvuke, urudi. Kinachouma ukiwa Likoni kitauma zaidi Lusaka, na Likoni kuna fundi unayemjua. Mama aliponiona natoka na unga mgongoni aliniuliza kama nahama. Nilimwambia bado, kwanza namjaribu punda. Jioni tulisonga ugali kwa pakiti moja, na nne bado zipo kabatini.