Kutafuta chumba Malimbe kupitia dalali: uzoefu wangu

Nilikuja Mwanza kusoma shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilichopo Malimbe, nikiwa mwalimu niliyeacha familia Kahama, na kwa kuwa umri wangu wa kugombania meza ya kusomea hosteli na vijana wa mwaka wa kwanza umekwisha kupita, niliamua kupanga mtaani. Nilishuka stendi ya Nyegezi nikiwa na namba ya dalali niliyopewa na abiria mwenzangu. Ni huduma ya dalali huyo, ambaye sitamtaja, ninayoieleza hapa.

Alitaka shilingi 10,000 za kunizungusha kabla hatujaondoka kijiweni kwake, mbali na kodi ya mwezi mmoja ambayo ingekuwa ujira wake nikishalipia chumba. Kwa siku moja alinionyesha vyumba vitano kati ya Malimbe, Nyegezi na Mkolani, na kwa hilo namsifu bila kinyongo, maana peke yangu ningemaliza wiki nzima nikipanda na kushuka vilima.

Nilichagua chumba chenye choo ndani kwa shilingi 80,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hivyo pamoja na ujira wake na zile 10,000 za kunizungusha nilitoa shilingi 570,000 siku hiyohiyo. Alipofungua bomba, maji yalitoka kwa kishindo, akanigeukia: "Mwalimu, hapa maji hayakatiki." Sikujiuliza kwa nini kando ya ukuta kulikuwa na madumu manane yaliyojazwa na kufunikwa vizuri. Siku ya tatu bomba lilikohoa hewa tupu, na mpangaji wa chumba cha pili akanieleza kuwa maji hutoka mara mbili tu kwa wiki. Nami nilikuwa nimeonyeshwa chumba siku ya zamu ya maji.

Umeme nao una habari yake. Wapangaji wanne tunatumia mita moja ya LUKU, na zamu za kununua zimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, bila kujali nani ana jokofu na nani ana taa moja tu. Kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU na kwa haki ni ya mwenye nyumba, ilikuwa inamwangukia yule ambaye zamu yake imefika mwanzo wa mwezi. Nilipokwenda kumwamkia mama mwenye nyumba na kumweleza jambo hilo kwa upole, alisema, "Marahaba mwanangu, mbona hamkuniambia?" na tangu hapo hutupunguzia kwenye kodi ya chumba. Dalali angeweza kulisema hilo kwa dakika moja.

Kuhusu jiwe kubwa lililo nyuma ya chumba, hilo ni kosa langu: linapigwa jua mchana kutwa, na hadi saa nne usiku ukuta bado una joto la kiganja.

Kwa kasi na ujuzi wa mitaa nampa dalali alama zote. Kwa ukweli, sifuri. Mwezi uliofuata mwanafunzi mwenzangu aliponiomba nimsaidie kutafuta chumba, sikumpigia dalali. Nilimtafuta kijana anayeuza maji kwa mkokoteni, nikamwuliza ni nyumba zipi hapa Malimbe hajawahi kupeleka dumu hata moja. Alinitajia tatu, na moja ilikuwa na chumba wazi.