Canned Heat jukwaani: bendi inayoongozwa na mpiga drami

Canned Heat ilianzishwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1965 na Alan Wilson na Bob Hite, vijana wawili waliokuwa na uchu wa santuri kuukuu za bluzi (blues, muziki wa Wamarekani Weusi), na hata jina la bendi walilitoa kwenye wimbo ambao Tommy Johnson aliurekodi mwaka 1928. Ukizisikiliza albamu zao za studio peke yake utawaona kuwa wanafunzi hodari waliolishika somo. Lakini nguvu yao hasa imo katika maonyesho ya moja kwa moja, na ndiyo ninayoyapima hapa kwa kutumia rekodi na filamu zilizopo.

Bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni onyesho lao la Agosti 1969 katika Woodstock, tamasha kubwa la muziki la Marekani. Mpiga gitaa Harvey Mandel alikuwa amejiunga siku chache tu kabla, akichukua nafasi ya Henry Vestine, na bado anacheza kama mtu aliyezeeka na bendi hiyo. Katikati ya wimbo, shabiki mmoja anaparamia jukwaa na kumkumbatia Hite, kisha anatia mkono katika mfuko wa fulana ya mwimbaji huyo na kuchomoa sigara. Hite, pande la mtu lililopewa jina la utani la Dubu, anamwachia ajichukulie na kuendelea na kazi yake, wala mdundo nyuma yake hautetereki.

Mdundo huo ni bugi inayokaa juu ya kodi moja ya gitaa (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) kwa dakika nyingi, ambapo besi na drami hurudia jambo lile lile huku magitaa ya umeme yakipokezana solo. Msikilizaji aliyezoea kusubiri sebene ikolee hatapata taabu kuwaelewa. Hata hivyo, uvumilivu una mipaka: rekodi yao ya jukwaani ya bugi katika albamu ya Living the Blues, iliyotoka mwaka 1968, inapita dakika 40 na kujaza pande mbili za santuri, na ikifika kwenye solo ya drami mimi huenda kuchemsha chai. Waliokuwa ukumbini wakicheza huenda hawakuliona tatizo hilo.

Kilichozuia bugi hiyo isiwe kelele tupu ni Wilson. Alikuwa na macho mabovu, akiimba kwa sauti nyembamba ya juu isiyofanana kabisa na ngurumo ya Hite, na jukwaani hakuwa mtu wa vituko. Harmonika, kinanda kidogo cha mdomo, aliijua kwa undani wa fundi: kwa ajili ya kibao cha On the Road Again alipandisha kwa nusu toni ulimi mmoja wa chombo hicho (kibati chembamba kinachotoa sauti), katika tundu la sita, ili apate noti ambayo harmonika ya kawaida haitoi katika tundu hilo. Alifariki Septemba 1970 akiwa na umri wa miaka 27, na tangu hapo kila anayeimba nyimbo zake katika bendi hiyo anapimwa kwa sauti ambayo haina mwigaji.

Hite naye alifariki mwaka 1981. Aliyebaki kuishikilia bendi ni Fito de la Parra, mpiga drami mzaliwa wa Mexico City aliyejiunga mwishoni mwa 1967, na chini yake wanamuziki wengi wameingia na kutoka. Katika kikosi cha miaka ya karibuni, kilichotoa albamu mpya mwaka 2024, Dale Spalding anaimba na kupuliza harmonika bila kujitia Wilson, na hilo nimelipenda. Magitaa yamekuwa safi zaidi, pengine safi kupita kiasi kwa mtu aliyezoea mikwaruzo ya Vestine. Lakini bugi inapoanza na de la Parra akatulia kwenye mwendo wake, haraka ya kufika popote haipo, kama vile haikuwapo Woodstock.