Staffa ni pazuri, ila kwa kampuni ile sirudi (labda)

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya nahodha wa boti, wala si ya kampuni ya utalii iliyotupeleka.

Naishi Glasgow. Shangazi yangu alipokuja kunitembelea kiangazi, nikaona nimpeleke Staffa, kisiwa kidogo magharibi mwa Scotland, akalione Pango la Fingal. Tukakata tiketi za kundi: basi hadi Oban, feri hadi Craignure, basi tena kukatiza kisiwa cha Mull mpaka Fionnphort, halafu boti. Safari ndefu kwa siku moja, tulijua hivyo tangu mwanzo. Barabara ya Mull yenyewe ni ya gari moja, mkikutana mmoja hujibanza kando ampishe mwenzake. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni na mwongozaji. Mle Mull alitushusha kwenye duka la sweta na vikombe, tukakaa mpaka shangazi akauliza kama pango liko nyuma ya duka. Kwenye basi akatusimulia jinsi Mendelssohn, yule mtunzi wa muziki, alivyokwenda Staffa mwaka 1829 akachafukwa na tumbo baharini. Akasimulia tena. Muda wa sweta ulikuwepo, muda wa Mendelssohn ulikuwepo. Tulipokanyaga kisiwa tu, ghafla feri ya mwisho itatuacha, tufanye haraka!

Sasa, kutoka gatini hadi pangoni unakanyaga vichwa vya nguzo za basalti (jiwe la volkano) zilizokatika, vyeusi, vya pembe, kama vigoda vilivyobananishwa, na vikilowa vinateleza. Kuna kamba ya chuma ya kushikilia. Shangazi alikuwa anaweka mguu, anahakikisha, ndipo analeta wa pili. Yule bwana yuko nyuma anapiga makofi. Karibu na mdomo wa pango akamwambia mbele ya watu kwamba kama magoti hayawezi, angebaki botini.

"Anasemaje huyu kijana?" shangazi akauliza.

Ningefanyaje? Nikamwambia, "Anakupa pole, shangazi."

"Mwambie ahsante, mwanangu. Ana malezi."

Nilitetemeka kwa hasira mpaka nikasahau kupiga picha.

Lakini pango lenyewe, jamani. Wimbi linaingia, linakwenda mpaka mwisho gizani, linanguruma, na mngurumo unakurudia kwenye nyayo. Shangazi ni mtu wa Tanga, alikuja akiringia mapango yake ya Amboni. Amboni ni chokaa iliyoliwa na maji. Hapa ni lava iliyopoa ikapasuka yenyewe kwa pembe, miaka milioni 60 hivi iliyopita. Akapapasa nguzo moja: "Nani kachonga?" Nilikuwa ndiyo nafungua mdomo nimweleze, filimbi ikalia. Muda umekwisha. Ndege pafini walioko juu ya kisiwa, ambao nusu ya kundi tuliwafuata wao, tuliwaona kwa mbali tukiwa tunaondoka.

Nahodha ndiye aliyeniponya roho. Alimshika shangazi kiwiko, akangoja wimbi liinue boti ilingane na gati, akamwashiria: sasa. Akavuka bila kuruka. Hakumharakisha hata kidogo, na feri tuliiwahi, tena tukasimama foleni.

Nilipoandika kulalamika, kampuni haikugusa hata neno moja kuhusu mtu wao. Walinitumia kuponi ya punguzo kwa safari ijayo. Kuponi! Hapo hata ile nyota moja nikataka kuifuta.

Tatizo ni shangazi. Tuliposhuka Glasgow alimwita yule mwongozaji, akamtilia noti ya pauni 5 mkononi na dua juu yake. Mtu akawa mwekundu mpaka masikioni, akambebea mkoba mpaka kituo cha teksi. Na sasa kila akinipigia simu anauliza kuponi inaisha lini, maana kiangazi kingine anakuja na dada yake.