Miezi mitatu ya kujifunza kunyamaza: uzoefu wangu na mafunzo ya EarlyBird

Mwanangu alifika miaka mitatu hajaniita mama. Simu za Tanga hazikukatika. Mama mkwe alitaka asomewe, shangazi akasema hata babake alichelewa, na jirani hakuwa na shaka kwamba ni katuni za kwenye simu. Huku Uingereza tunakoishi, tathmini ilituchukulia zaidi ya mwaka, kisha tukapewa neno moja, usonji (autism, hali inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na watu), na bahasha ya vipeperushi. Tukarudi nyumbani kimya.

Kilichotusaidia ni EarlyBird, mafunzo ya wazazi ya National Autistic Society. Hiki ni chama kilichoanzishwa London mwaka 1962 na wazazi waliochoka kuambiwa watoto wao hawafundishiki. Mmoja wao alikuwa Lorna Wing, daktari wa akili ambaye binti yake mwenyewe alikuwa na usonji. Miaka mitatu baadaye walifungua shule yao. Nalitaja hili kwa sababu linaonekana ndani ya mafunzo: hakuna aliyenitazama kama mama aliyeharibu mtoto.

Tuliingia mwaka 2018. Ni miezi mitatu, familia chache tu kwa kundi, na kila familia inaleta watu wazima wawili. Mume wangu alibadilishana zamu kazini ili asikose. Wiki nyingine mnakaa darasani, wiki nyingine mkufunzi anakuja nyumbani, na hapo ndipo kuna kamera.

Kamera ndiyo iliyonifunza. Nilirekodiwa nikicheza na mwanangu kwa dakika chache, kisha tukaangalia pamoja. Nilijiona nikimimina maneno kama mvua ya masika: "Hii nini? Gari hilo! Rangi gani? Sema gari. Sema baba." Mtoto kanigeuzia mgongo. Sisi wa pwani tunaamini mtoto hufunzwa kuongea kwa kuongeleshwa, na sijaacha kuamini hivyo, ila huyu wangu nilikuwa simwachii hata upenyo wa kupumua.

Mkufunzi akaniambia nichague mchezo anaoupenda, niukatishe katikati, nihesabu kumi moyoni nisiseme kitu. Wangu anapenda kutekenywa. Nikamtekenya, nikasimamisha mikono hewani, nikangoja. Saba, nane… ilikuwa mateso. Kwenye tisa akaushika mkono wangu, akauweka tumboni kwake, akanitazama usoni. Neno hakutamka, lakini aliniomba. Nililia mbele ya mgeni, na chai yake ikapoa.

Somo jingine ni la tabia. Wanatumia mfano wa mlima wa barafu unaoelea: kinachoonekana juu ni kidogo, sababu ziko chini ya maji. Mimi barafu nimeiona kwenye friji tu, kwa hiyo nilijiwekea mwamba, ule unaochungulia kidogo maji yakitoka na kumbe chini unapasua ngalawa. Mwanangu alikuwa akijitupa sakafuni kila tukienda dukani. Nilidhani ni deko. Tulipoandika kila tukio, tukagundua anaanza tukipita karibu na choo cha pale, kwenye mashine ya kukaushia mikono inayonguruma. Tukabadilisha mlango wa kuingilia. Basi. Mwaka mzima wa watu kunikodolea macho uliisha kwa mlango.

Kasoro zipo, na nyingi ni za kituo cha mtaani kwetu kilichoendesha kundi letu, si za mafunzo yenyewe. Foleni ilikuwa ndefu mno. Ukizingatia kwamba EarlyBird ni ya watoto ambao hawajafika umri wa shule, kungojeshwa kunaweza kukunyima nafasi kabisa. (Waliokwisha kuanza shule wana EarlyBird Plus, ambayo mzazi anaweza kuhudhuria na mtu wa shuleni.) Halafu zile kadi za picha tulizopewa, ambazo mtoto anakuletea kuomba anachotaka: mkate wa kukata, sandwichi, jibini. Mwanangu anakula chapati na uji. Nilipiga picha sahani zetu wenyewe, nikazichapisha na kuzibandika kwenye friji, na kadi ya chapati ndiyo ya kwanza aliyowahi kuniletea mkononi.

Kuna jambo lazima niliseme kwa Waswahili wenzangu mlioko ughaibuni. Kabla ya mafunzo, mtaalamu mmoja wa kliniki alitushauri tuache Kiswahili nyumbani ili "tusimchanganye". Tukaacha kwa miezi minne, na nyumba ikawa kama ya wapangaji wasiojuana, kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazini, hakijui kubembeleza. Tafiti zilizofanywa hazijaonyesha kwamba lugha mbili zinamdhuru mtoto mwenye usonji. Ukiambiwa hivyo, uliza ushahidi uko wapi. Sisi tulirudi kwenye chetu, kwa sentensi fupi: "Viatu. Kisha bembea."

Mafunzo nayapa nyota tano. Kituo chetu tatu. Mama mkwe bado anamwombea dua kila Alhamisi usiku na mimi naitikia amina. Ila siku hizi akipiga simu ya video ananyamaza kwanza, naona midomo yake ikihesabu, mpaka mjukuu amwonyeshe kadi ya chapati.