SUV ndogo ya toleo la chini: kipi ubadilishe kwanza, kipi uachane nacho

Toleo la chini la SUV ndogo, iwe Toyota RAV4, Mazda CX-5 au Nissan X-Trail, mara nyingi lina injini na bodi ileile ya toleo la juu. Kinachopungua ni taa, redio, viti, ringi na urembo. Ndiyo maana wengi hulinunua wakijisemea kwamba mengine wataongeza polepole. Mpango huo ni mzuri, ila vipo vitu ambavyo fundi anafunga kwa mchana mmoja, na vipo ambavyo gari likitoka kiwandani bila navyo, basi tena.

Hivi vya pili vijue kabla hujalipa: mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne, mifuko ya hewa ya ziada, breki zinazojifunga zenyewe mbele ya kizuizi, rada za kutazama ubavuni. Vyote vimefungamana na kompyuta na bodi. Kama kimojawapo ni cha lazima kwako, panda toleo moja juu, kwani kukifunga baadaye kutakula fedha na huenda kisifanye kazi sawasawa. Na usidanganywe na vile vifuniko vitupu vya swichi kwenye dashibodi. Nafasi ya swichi ipo, lakini waya nyuma yake huenda haupo.

Haya mengine nimeyapanga kwa kuangalia kinachosaidia gari kusimama, kukuonyesha njia na kutokuchosha. Sura nimeiweka nyuma.

Namba 1: tairi

Hapa toleo la chini lina neema ambayo wauzaji hawaisemi: ringi ndogo. CX-5 ya chini imekuja na tairi 225/65R17, ya juu 225/55R19. Ukipiga hesabu, ubavu wa ile ya kwanza ni kama milimita 146, wa ya pili 124. Hizo milimita 22 ndizo zinazomeza mashimo kabla hayajafika mgongoni mwako, na pia ndizo zinazookoa ringi isipinde. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kutofanya kitu: bakia na ringi za 17, na fedha uliyotaka kununulia ringi kubwa itie kwenye tairi bora.

Ukifika dukani, soma maandishi ya ubavuni mwenyewe. 225 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, 17 ni ringi kwa inchi. Zinazofuata, mfano 102H, ndizo zinazorukwa na wengi: 102 maana yake tairi moja inabeba kilo 850, H ni mwendo wa mwisho wa kilomita 210 kwa saa. Usishuke chini ya namba zilizo kwenye kitabu cha gari. Kisha, ubavuni hapohapo, tafuta tarakimu nne mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT; ndizo tarehe ya kutengenezwa. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Muuzaji akisema tairi ni mpya na tarehe inasema ilikaa stoo miaka minne, amini tarehe.

Ukitaka kuongeza kimo kidogo, kutoka 225/65R17 kwenda 235/65R17 kipenyo kinapanda kutoka milimita 724 hadi 737, yaani spidomita ikisoma 100 wewe uko karibu 102. Zaidi ya hapo tairi zinaanza kusugua ukikata kona kali. Za AT, zile zenye meno makubwa, zina maana kama kweli unaishi kwenye tope na kokoto. Kwenye lami zina kelele, ni nzito, zinakula mafuta, na nyingi hukawia kusimama barabara ikilowa. Mwenye kuacha lami mara moja moja anunue tairi nzuri za barabarani tu.

Gari linaloendesha magurudumu manne libadilishwe tairi zote nne kwa pamoja. Mbili mpya na mbili zilizolika hutofautiana kipenyo, na tofauti hiyo inachosha mfumo wa kugawa nguvu kila unapotembea.

Namba 2: taa

Kama gari lako lina balbu za halojeni, utauziwa balbu za LED za kuchomeka palepale. Usizichukue. Bakuli la taa limechongwa kufuata mahali ulipo ule waya unaowaka ndani ya halojeni; chanzo cha mwanga kikihama hata kidogo, mwanga unatawanyika. Wewe unaona barabara ya karibu imeng'aa na kudhani umepata, kumbe ya mbali imefifia na anayekuja mbele yako hakuoni wala haoni njia. Nchi nyingi zimezipiga marufuku.

Kuna njia ya bei nafuu na ya uhakika zaidi. Kama kioo cha taa kimekuwa cha manjano, kisuguliwe na kupakwa kinga ya jua. Badilisha balbu za halojeni zote mbili kwa pamoja, maana hufifia kabla ya kuungua. Halafu upimaji wa mwelekeo wa taa, kazi ya dakika chache ambayo karibu hakuna anayeiomba. Mwenye uwezo anaweza kufunga taa nzima ya toleo la juu la gari lilelile, lakini kwanza fundi umeme athibitishe kwamba soketi na kompyuta vinaitambua.

Namba 3: skrini na kamera ya nyuma

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu Mei 2018 yana kamera ya nyuma kwa lazima ya sheria, hata ya toleo la chini. Kama lako halina, anza na kamera. Kwa skrini, nachagua ile isiyo na makuu lakini inayopokea vizuri Apple CarPlay au Android Auto, yaani mifumo ya kuonyesha programu za simu yako kwenye skrini ya gari, kuliko ile kubwa ya bei rahisi iliyojaa programu zake na kuganda kila wiki. Dai soketi za kuchomeka badala ya kukata waya za gari, na kisanduku kinachofanya vitufe vya usukani viendelee kufanya kazi. Kama skrini ya kiwandani ndiyo inayobeba mipangilio ya gari, iache. Ukiona betri inaisha usiku baada ya kufunga redio, kuna kitu hakilali gari likizimwa. Mrudie fundi kabla hujanunua betri nyingine.

Vidogo vyenye faida

Kapeti za mpira zilizokatwa kufuata sakafu ya gari lako, zenye kunasa kwenye ndoano zake, na usizitandike juu ya za zamani. Mwaka 2009 Toyota iliyaita magari mamilioni nchini Marekani kwa sababu ya kapeti zilizoweza kunasa pedali ya mafuta. Sampgadi, yaani bamba la kukinga injini kwa chini, ya chuma au alumini ina thamani kama chini una plastiki tu na njia zako zina mawe. Kava za siti ziwe na nafasi ya mfuko wa hewa wa ubavuni. Kamera ya dashibodi ichague yenye kapasita badala ya betri ya lithiamu, hasa kama gari hulala juani. Spika: badilisha za mbele tu kwanza, za nyuma huenda usizihitaji.

Keria ya juu inategemea kitabu cha gari. Kikomo mara nyingi ni kama kilo 75 gari likitembea, na uzito wa keria yenyewe umo humo.

Nisivyovipendekeza

Kuinua gari kwa vipande vya kuwekwa juu ya shokapu kunavutia machoni. Lakini pembe za sivijointi, viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu, zinabadilika na viungo vinalika mapema, alaimenti inahitaji kurudiwa, gari linalalia zaidi kwenye kona, na kamera ya kioo cha mbele inaweza kuhitaji kupimwa upya. Kama shida ni gari kulala nyuma ukipakia, nunua springi imara za nyuma, inatosha.

Kuchezea kompyuta ya injini isiyo na tabo huleta nguvu kidogo sana, na giaboksi ya CVT, ile ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za kawaida, ina kikomo cha nguvu inachovumilia. Ekzosi na filta za wazi zinaongeza kelele.

Chochote utakachofungua, kiweke stoo pamoja na skrubu zake. Wanunuzi wengi wa gari lililotumika hupendelea lililo kama lilivyotoka kiwandani, na redio au taa za asili zinaweza kukusaidia kwenye bei siku ya kuuza.