Gesti ya mama pale Langoni, Lamu: nimelala wikendi nne na narudi tena

Mimi ni Mtanga, Mtanzania, nasoma Kilifi, Chuo Kikuu cha Pwani, mwaka wa pili sasa. Wanafunzi wa kutoka nje pale tuko wachache na kila Alhamisi jioni swali ni lilelile, wikendi hii tunaenda wapi, huyu anasema Watamu, huyu Diani, wengine mpaka Nairobi wanalala ndani ya basi kwenda na kurudi, Jumatatu darasani wamechoka hoi. Nawaelewa kwa kweli, ukiwa nchi ya watu unaona siku zinakimbia na unataka uone kila kitu kabla hujamaliza. Na mimi nilianza hivohivo. Siku hizi nikiwa na pesa kidogo na Ijumaa sina kipindi naenda Lamu tu, na Lamu nalala nyumba moja tu, sasa kwa vile watu wananiuliza sana ngoja niielezee vizuri.

Jina sitaandika, mama mwenye nyumba kaniomba nisilitangaze, ana vyumba vitano na wageni wake wanaletana wenyewe kwa wenyewe. Ni nyumba ya mawe ya zamani upande wa Langoni, unaingia kwenye daka lenye baraza huku na huku, mlango wa kuchonga, alafu ndani kuna kiwanda, yaani ule ua wa wazi wa katikati, ambapo ukikaa mchana unapata mwanga na bado kuna ubaridi. Dari ni boriti za mikoko. Chooni bado kuna lile birika la zamani la maji, mama akanionesha bakuli la kaure lililojengewa chini kabisa, zamani walikua wanafuga visamaki humo wa kula viluwiluwi vya mbu, na maji yakipungua samaki wanabaki salama kwenye bakuli. Nimekaa hostel yenye mbu mwaka mzima nikaona hawa watu walikua mbele sana.

Chumba changu ni cha juu kabisa chini ya makuti. Kitanda, chandarua, feni, na meza ambayo kweli unaweza ukasomea, ukuta wa upande wa bahari umeishia nusu kwahiyo upepo unaingia wote. Mara ya mwisho nimelipa shilingi 1,000 za Kenya kwa usiku na chai ya asubuhi humohumo, vyumba vya chini ni 1,500 maana vina choo chake. Chai yenyewe ni mahamri na mbaazi za nazi, na siku nyingine mkate wa mofa wa moto na samaki, yaani ukila saa mbili unafika saa nane bila kukumbuka chakula.

Sasa mabaya yake, msije mkasema sikuwaambia. Maji ya kuoga yana chumvi, sabuni haitoi povu. Wi-Fi hakuna kabisa, ukiwa na kazi ya kutuma nunua bando lako mwenyewe, na umeme ukikatika unasubiri tu. Ngazi ni kali na nyembamba, mwenye shida ya magoti asichukue chumba cha juu. Usiku punda wanalia, na sio mmoja, akianza wa mtaa huu wa mtaa wa pili anajibu. Mlango unafungwa saa nne usiku na mama halali mpaka wote mmeingia, ukichelewa unamkosesha usingizi mtu mzima kwahiyo usichelewe. Kipindi cha kusi huko juu kuna baridi, omba shuka ya pili mapema.

Kitu kilichonifanya nirudi ni mama mwenyewe na maji. Ukitoka Kilifi Ijumaa asubuhi unafika Mokowe, gati la upande wa bara, alasiri, unavuka kwa boti, jioni imeisha, na Jumapili lazima uwahi boti ya alfajiri ili upate basi la asubuhi, kwahiyo Lamu ya wikendi ni Jumamosi moja tu basi. Mara ya kwanza niliiharibu hiyo Jumamosi. Nikaenda kijiji cha Shela kwa miguu mchana maji yamejaa, njia ya ufukweni imefunikwa sehemu sehemu, nikarudi nusu ya njia viatu mkononi, alafu nahodha akaniambia Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda, leo haiendeki tena, maji yatakua yametoka. Jioni namsimulia mama akaniuliza tu, "Kwani mwanangu, leo mwezi ngapi?" Mimi nikamtajia tarehe ya kwenye simu, kumbe yeye anauliza tarehe ya mwezi wa Kiislamu.

Akanifundisha palepale kwenye kiwanda. Mwezi mchanga na mwezi mpevu ndio bamvua, maji yanatoka sana na kujaa sana, na bamvua za huku maji yanakua yametoka asubuhi kama saa nne na yanajaa alasiri kama saa kumi. Hiyo ndo wikendi ya mwanafunzi! Asubuhi unatembea Shela kwa mchanga mkavu, kama kilomita 3 tu, mchana unarudi unapumzika, alasiri unapanda boti kwenda Takwa kisiwani Manda kupitia mkono wa bahari wenye mikoko ambao bila maji kujaa boti haipiti. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa zinageuka, mchana ndo yanajaa, siku hizo tembea mjini. Tangu hapo naangalia mwezi kwanza ndo naangalia ratiba ya vipindi.

Takwa gawaneni boti watu wanne watano ndo bei inakua ya wanafunzi, na muelewane bei kabla hamjapanda. Ni mji uliohamwa karne ya 17, msikiti bado umesimama na nguzo yake juu ya kibla, na kuna kaburi la nguzo. Kaeni kimya kidogo pale, msikimbilie picha. Mjini nenda ngome, ilimalizwa 1821 na ilikua jela mpaka 1984, pale mbele uwanjani wazee wanakaa jioni. Makumbusho ya ufukweni usiikose ile siwa, baragumu kubwa la sherehe, ya pembe ya ndovu ya kutoka Pate. Kwenye tiketi sema unatoka Afrika Mashariki na uonyeshe pasipoti, bei zao zimegawanywa, usilipe ya mgeni wa mbali.

Na pasipoti beba yenyewe, sio kopi. Barabara ya kutoka Garsen kwenda Witu mpaka Mokowe ina vizuizi, mnashuka, mnaonyesha vitambulisho. Mwenzetu mmoja aliacha yake hostel, ikabidi aeleze weee mpaka basi zima likachoka. Safiri mchana tu.

Kitu kingine ambacho sikutegemea ni lugha. Darasani wiki nzima ni Kiingereza, hata wenzangu wakiongea Kiswahili kuna sheng' nyingi napotea. Kwa mama mai ni maji, ndia ni njia, moya ni moja, akiniita "ndoo" anamaanisha njoo, na mimi niliyekulia Tanga nakaa nasikiliza tu nafurahi, kuna mambo bibi yangu alikua anayasema hivohivo. Wikendi ya tatu mezani tulikua na kijana wa Kingazija anayesoma dini hapo mjini, ana miaka mitatu hajaenda kwao, tukakaa mpaka mlango ukafungwa tunahesabu vyakula vya nyumbani. Mama akasikia. Asubuhi chai ililetwa na mkate wa mayai, hakusema chochote, akatuwekea tu.

Kwahiyo nyota nne na nusu, ile nusu ni maji ya chumvi. Jumapili alfajiri atakufungia mahamri kwenye gazeti hata kama hujaomba, yatakufikisha Malindi. Nimeshamlipa chumba cha juu wikendi ya bamvua baada ya mitihani, vile vinne vya chini bado viko wazi.